Mkanda wa Banda la Mbuzi

Kile cheupe kilichofunika kioo cha mbele hakikuwa ukungu, msomaji wangu. Ulikuwa mvuke. Wiki nzima umekaa na roho juu, basi leo ishushe kidogo: pikapu haikupinduka. Sakina alikanyaga breki kwa miguu miwili, gari likayumba, likapiga kokoto za pembeni, likasimama pua ikiwa ndani ya majani.

Hakuna aliyeumia. Lakini injini ilikuwa inaguna kama chungu cha maharage kilichosahauliwa motoni.

"Mama Crispin, mzima?"

"Mzima. Kikapu kiko wapi?" Verediana akauliza.

Kikapu kilikuwa katikati ya miguu yake, palepale kilipokaa tangu Mbeya. Verediana alikipapasa, akausikia ule mduara mgumu ndani ya khanga. Ndipo akavuta pumzi.

Kwa wewe ambaye wiki iliyopita gazeti lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, nakupa haraka haraka, maana hawa watu wana safari.

Crispin, fundi magari wa pale Soweto, Mbeya, yuko mahabusu Iringa mwezi wa nne sasa. Haisi ya tajiri Clement ilikatika mkanda wa feni kwenye mteremko mmoja wa huko Iringa. Mkanda huo ndio unaozungusha na pampu inayosaidia breki, kwa hiyo breki zikawa ngumu kama jiwe. Watu wawili wakafa. Clement akaapa mbele ya hakimu kwamba Crispin alipewa kazi ya kubadilisha mkanda na mipira ya maji, asibadilishe kitu, akamwachia ule ule uliochakaa. Crispin akasema nilibadilisha, na wa zamani nilimkabidhi mwenyewe, akaandika jina lake juu yake.

Maana Crispin ana tabia yake. Kifaa kibovu akikitoa hakitupi. Anamwita mwenye gari, anampa kalamu nyeupe ya kuandikia matairi, anamwambia andika jina, tarehe na namba ya gari hapa mgongoni, ujue kimetoka. Mafundi wenzake walikuwa wanamcheka. Clement naye siku hiyo aliandika huku anacheka, kisha akautupa mkanda kwenye takataka, akaondoka na mpya wake. Baada ya hapo ule mpya aliuhamishia gari gani, akairudishia Haisi mkanda wa kuokoteza, hilo analijua yeye.

Na ule wa takataka nani aliuokota? Verediana, mama yake fundi. Yule mama hawezi kupita kitu kigumu kimelala chini. Akafungia mlango wa banda la mbuzi.

Miezi minne mwanawe yuko ndani, na kila jioni mama anaushika mkanda ule kwa mikono yake miwili akifungia mbuzi, hajui ameshika nini. Juzi ndipo ulipojipindua, akaona nyeupe. Shule aliishia darasa la tatu, lakini jina la Clement alilisoma bila kukwama.

Wakili Adrian akamwambia kwa simu: "Mama, picha haitoshi, siku hizi picha inatengenezwa na mtoto yeyote mwenye simu. Niletee kitu chenyewe. Hakimu anafunga ushahidi wetu Ijumaa saa nane mchana. Saa nane na robo usije tena. Na usiusafishe, usiufute, usiufanyie chochote."

Ijumaa ndiyo hii. Saa mbili asubuhi. Igawa wameipita, mlima wameuanza, na gari limekufa.

Sakina alishuka na tambara mkononi. Mama huyu ana duka la spea alilorithi kwa baba yake, mzee Juzer, na hakuna fundi Mbeya anayeweza kumdanganya saizi ya kitu. Ndiye aliyemuuzia Crispin ule mkanda mpya, na alikuwa anakwenda kulisema hilo mahakamani. Akafungua boneti, akarudi nyuma hatua mbili kupisha joto, akainama.

"Lina magonjwa mawili," akasema. "Mkanda umekatika. Ulipokatika, pampu ya maji ikalala, maji yakachemka, yakatafuta pa kutokea. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umezeeka, ukapasuka."

"Mpira tunaweza?"

"Mpira nauweza. Nina mipira ya kufungia mizigo pale nyuma, nitauviringisha mpaka uchoke. Mfuniko wa rejeta nauacha umelegea, presha isipande. Maji tunayo."

"Na mkanda?"

Sakina akajifuta mikono polepole. Ilikuwa tayari safi.

"Mama Alisha, nakuuliza," Verediana akasema. "Mkanda wa akiba?"

"Ulikuwepo."

"Umekwenda wapi?"

"Jana nafunga duka, akaja mtu wa Tukuyu. Gari lake limelala Uyole na ana mgonjwa ndani. Saizi hiyo dukani imeisha. Nikamtolea wa kwenye gari langu."

Verediana alimtazama.

"Mji mzima umevaa mikanda yako," akasema, "mwenyewe unatembea uchi."

"Nitukane, Mama Crispin. Nimestahili."

"Sikutukani. Nakusitiri tu."

Wangeendelea. Lakini gari jeupe lililokuwa linapanda nyuma yao likapunguza mwendo, likaegeshwa. Mlango ukafunguliwa. Akashuka mtu mwenye shati lililopigwa pasi na viatu visivyojua tope.

Clement.

"Shikamoo, mama."

Salamu hainyimwi mtu. "Marahaba."

"Naona limewagomea. Mnakwenda kumwona kijana? Basi pandeni, mimi nakwenda hukohuko. Nafasi ipo, na kiyoyozi kipo."

"Tunashukuru, baba. Letu linapona sasa hivi."

Clement akatazama mvuke, akatazama mkanda uliokatika unaning'inia, akatabasamu. Kisha macho yake yakashuka kwenye kikapu. Soweto hakuna siri. Alikuwa amesikia kwamba mama Crispin ameokota kifaa cha gari, ila hakuna aliyemwambia ni kipi.

"Umebeba nini, mama, mpaka umekikumbatia hivyo?"

"Parachichi. Na nguo."

"Nguo za kijana? Basi nipe mimi nitangulie nazo. Usipate shida na mzigo." Akanyoosha mkono.

Verediana hakurudi nyuma. Alikisukuma kikapu mbele, hadi kikamgusa Clement tumboni.

"Na petikoti zangu zimo, na nyingine sijazifua tangu juzi. Zibebe tu, baba. Ukifika uzianike."

Mkono wa Clement ulirudi kama umegusa sufuria ya moto. Sakina aliingiza kichwa ndani ya boneti ili asionekane anacheka.

"Haya," Clement akasema. "Saa nane siyo mbali, lakini." Akarudi garini. Gari jeupe likapanda mlima kama halina uzito, likapotea.

Kicheko kiliishia hapo hapo.

Verediana akasimama barabarani, akapunga khanga. Basi la alfajiri la kutoka Mbeya likapita, dereva akaonyesha kwa kiganja kwamba limejaa. Likapita la pili, hilo hata kiganja halikuonyesha. Malori yalikuwa yanatambaa na mizigo, mtu angeweza kuyapita kwa miguu. Basi jingine la kupita pale mpaka saa tano.

Akampigia wakili Adrian. Simu imezimwa. Wakili yuko mahakamani.

"Rujewa," Verediana akasema. "Siyo mbali. Mashine zote za mpunga pale zinazungushwa na mikanda. Tukodi bodaboda."

Sakina alikuwa anaviringisha mpira juu ya mpira, anavuta, anakaza, anavuta. "Mikanda ya mashine ni minene kuliko mifereji ya puli za gari langu. Tuzunguke duka kwa duka tukitafuta mwembamba wa urefu wangu, tupate au tukose, turudi. Tutatoka hapa saa sita. Iringa tutaingia saa tisa."

"Khanga je? Nimewahi kuona mtu kafunga khanga."

"Khanga itakupeleka mpaka kwenye ile kona. Kwenye kona itaungua."

Akamaliza fundo la mwisho. Akasimama wima. Akatazama mlima, akatazama saa, na macho yake yalipokosa pengine pa kwenda yakaenda kwenye kikapu.

Verediana aliona.

"Usiseme," akasema.

"Sijasema."

"Unasema kwa macho."

Upepo wa asubuhi ulikuwa unatoka bondeni na baridi yake, lakini shingo ya Verediana ilikuwa imelowa jasho. Msomaji wangu, wewe ungefanya nini? Usinijibu upesi. Mwanao yuko ndani. Kitu pekee cha kumtoa kimo kwenye kikapu chako, na wakili amekuambia usikifanyie chochote.

"Injini ya Haisi ya Clement na hii yangu," Sakina akasema hatimaye, taratibu, kama mtu anayemwambia mgonjwa habari, "ni ndugu wa tumbo moja. Mkanda wao ni mmoja. Nimeuza maelfu, siwezi kukosea."

"Wakili kasema nisiuguse."

"Kasema."

"Maandishi yatafutika."

"Hayo ndiyo nataka nikuonyeshe." Sakina akauokota mkanda wake uliokatika, akauinua mbele ya macho ya mwenzake. "Tazama unavyolika. Unakaa ndani ya puli hivi. Zinazolika ni mbavu na tumbo. Mgongo uko juu, unapigwa na hewa tu, puli haiugusi. Yeye aliandika wapi?"

"Mgongoni."

"Mgongoni."

Wakatazamana.

"Na ukikatika?"

Hapo Sakina hakuwa na haraka. "Ukikatika ukiwa unazunguka, unachanika. Unaruka vipande. Tutaokota barabarani tutakachookota."

"Utafika?"

"Mama Crispin, sikudanganyi. Umechakaa, ndiyo maana mwanao aliutoa. Umekaa kwenye jua na mvua, umetafunwa na mbuzi. Unaweza kufika Iringa. Unaweza usifike Makambako."

Verediana akaketi juu ya kokoto. Akatoa mkanda kwenye khanga, akauweka mapajani. Nyufa zilikuwa nyingi kwa ndani, kama kisigino cha mtu wa shamba. Kwa nje, yale maandishi meupe yametulia: jina, tarehe, namba ya gari. Kidole chake kilitaka kuyapita juu, akakizuia.

Akafikiri hivi. Nikifika saa tisa na mkanda mzima, Crispin amefungwa. Nikifika saa nane bila mkanda, Crispin amefungwa. Iko njia moja tu ambayo ndani yake mwanangu yuko nje, na njia hiyo ina nyufa.

Akasimama, akampa.

"Ufunge. Lakini usiukaze kama mpya. Mimi nimeufunga na kuufungua miezi minne, najua mahali unapolalamika. Ukiuvuta mpaka ukawa mgumu, unalia hapa." Akaonyesha. "Uache upumue kidogo."

Sakina mwenye duka, aliyefundisha nusu ya mafundi wa Mbeya, hakubisha. Akalegeza alteneta kwa spana, akautia mkanda puli moja baada ya nyingine, akaivuta alteneta kwa bomba la chuma, akabonyeza mkanda kwa kidole gumba.

"Hivi?"

Verediana akabonyeza na yeye. "Legeza kidogo. Hapo. Hapo hapo."

Saa tatu kasoro dakika chache, injini ikawaka. Mkanda ukalia, sauti nyembamba ya kukwaruza meno, kisha ukazoea. Wakaingia barabarani.

Hawakuwasha redio. Hawakufungua feni ya ndani. Kila mlima Sakina alishusha gia mapema, na kila mteremko aliliachia gari lishuke lenyewe. Malori waliyokuwa wameyadharau yakawapita. Dereva mmoja akatoa kichwa, "Mama, unaendesha au unasukuma?" Sakina akampungia mkono kwa heshima.

Verediana macho yake yalikuwa kwenye boneti tu. Masikio yake yalikuwa yanahesabu. Ukilia, anashika dashibodi. Ukinyamaza, anashika zaidi, maana hakujua umenyamaza kwa kupona au kwa kufa.

Makambako walifika. Wakasimama, Sakina akagusa mpira wa rejeta, unavuja tone tone. Akaongeza maji, akaongeza kipande kingine cha mpira juu ya vile vya kwanza. Mkanda ulikuwa umetoa uzi mmoja pembeni, mweupe, mrefu kama kidole. Sakina akaukata kwa wembe ili usijivute, wala hakumwambia mtu.

"Nimeuona," Verediana akasema garini.

"Ni mmoja tu."

"Sijasema ni nyuzi ngapi."

Mafinga wakapita. Mashamba ya miti yakaja, yakaenda. Saa sita ikapita. Jua likasimama juu ya kichwa na injini ikaanza kunuka. Kwenye mlima mmoja mkanda ulipiga kelele hadi kuku wa kando ya barabara wakatawanyika, na Verediana akajikuta anasema kwa Kihehe maneno ambayo mama yake, kule Kilolo, alikuwa anawaambia ng'ombe wakati wa kulima: haya, mpole, haya, tumekaribia. Sakina hajui Kihehe. Lakini na yeye alikuwa anatingisha kichwa.

Saa saba kamili. Iringa imebaki nusu saa na kitu.

"Mama Crispin," Sakina akasema, "nadhani tunafika."

Hakupaswa kusema.

Mbele, chini ya miti, kulikuwa na trafiki. Mwanamke, sare nyeupe, mkono juu. Na nyuma ya trafiki, kivulini, gari jeupe limeegeshwa vizuri. Mwenyewe ameegemea mlango, anakunywa soda.

"Usisimame," Verediana akasema, kisha akajishika mdomo. "Nasema ujinga. Simama."

Sakina akasimama.

"Kamwene, mama," trafiki akamsalimia Verediana kwanza kwa Kihehe, kwa umri wake.

"Kamwene, mwanangu."

"Mimi naitwa Koplo Bertha. Dereva, zima gari. Nimeambiwa pikapu hii ilichemka Igawa na inatembea na mpira uliofungwa fungwa. Ni kweli?"

"Ni kweli, afande," Sakina akasema. "Na tuna kesi saa nane. Tunakuomba."

"Kesi nitaisikia. Lakini siwezi kuwaruhusu mkafie kona ya mbele. Fungua boneti."

Clement akawa amefika. "Nilisema kwa usalama wao tu, afande. Ni mama zangu hawa." Akageuka. "Na tukiwa hapa, afande, kile kikapu kina mali yangu. Kifaa cha gari langu. Ningeomba ukague."

Koplo akamtazama. "Hilo hukuniambia."

"Nilidhani mama atanipa mwenyewe."

Msomaji, nataka umwone Verediana hapo. Hakulalamika. Alishuka na kikapu, akakiweka juu ya majani, akarudi nyuma hatua moja.

"Kagueni."

Clement hakusubiri. Akapiga magoti na suruali yake ya pasi. Parachichi sita. Shati la Crispin, suruali, sabuni. Khanga imekunjwa: akaikunjua, akaikung'uta. Petikoti, ndiyo, zilikuwemo. Akazipita kwa ncha ya vidole. Akakigeuza kikapu, akakipiga matako. Likadondoka jani la mgomba.

Hakuna kingine.

Halafu Clement akacheka. Kicheko cha mtu aliyekuwa amebeba gunia kichwani tangu asubuhi, sasa amelitua.

"Mama," akasema, "umetoka Mbeya mpaka hapa na parachichi?"

"Nilikuambia asubuhi. Hukunisadiki."

"Haya, hakuna kitu," Koplo Bertha akasema. "Mrudishie mama vitu vyake, uvikunje kama ulivyovikuta. Sisi tumalize gari."

Boneti ikapanda. Koplo akainama, akabonyeza ule mpira wa rejeta uliovimba kama mguu wenye bandeji.

"Hii kazi kaifanya nani?"

"Mimi," Sakina akasema.

"Umeifunga vizuri. Lakini mkanda unalia, niliusikia kabla sijaliona gari. Ingia ndani. Nikikuambia washa, uwashe na ukanyage breki. Nataka nione taa za nyuma na moshi."

Sakina akaingia, akakamata ufunguo. Boneti ilikuwa imesimama mbele yake kama ukuta, haoni kitu. Koplo akaelekea nyuma ya gari. Verediana akabaki mbele, ubavuni, mkono wake juu ya chuma cha moto asisikie moto.

Na Clement, ameshakunja petikoti, akaja kwa mwendo wa mtu aliyeshiba, mikono mifukoni. Akachungulia injini kama watu wanavyochungulia gari la mwenzao lililoharibika.

Akachungulia tena.

Mkanda ulikuwa umesimama upande wa juu, kati ya puli ya feni na alteneta, mgongo umeangalia jua. Moshi wa safari nzima ulikuwa umeupaka kijivu. Lakini herufi nyeupe zilikuwepo, moja moja, mwandiko wa kulalia kulia, na ile ya mwanzo yenye mkia mrefu kama anavyoiandika yeye peke yake.

Mikono ikatoka mifukoni.

"Mama," akanong'ona.

Verediana akamgeukia.

"Mama, sikiliza. Tunaweza kuzungumza. Mimi nitamtoa kijana. Polepole, kwa njia zangu, hata mwezi huu. Hili liache."

"Atatoka leo."

"Hujui unalolifanya."

"Najua, baba. Nimeufunga kwa mkono wangu."

Clement akatazama nyuma. Koplo alikuwa ameinama kwenye taa, haonekani. Akatoa mfukoni kisu kidogo, kile cha kumenyea machungwa, akakikunjua kwa kidole kimoja. Akapitisha mkono wote kati ya rejeta na feni, mpaka kwenye kiwiko, akaushika mkanda.

"Haya, mama," sauti ya Koplo ikatoka nyuma, imetulia, haijui kitu. "Washa."

Nataka uisikie sekunde hii kama alivyoisikia Verediana, maana ilikuwa moja tu.

Yupo fundi mmoja anayemfahamu, Liberatus, rafiki wa Crispin. Mkono wake wa kulia una vidole viwili. Vitatu vilibaki kwenye feni, siku mtu alipowasha gari bila kuuliza. Verediana ndiye aliyemshika kichwa siku ile.

Anayo miezi minne ya kusimama getini na chakula. Anao watu wawili waliokufa kwenye mteremko, ambao kifo chao kimebandikwa kwa mwanawe. Na mbele yake uko mkono wa yule aliyekibandika, umeingia wenyewe, hakuna aliyeusukuma. Asipofungua mdomo, hatakuwa amefanya chochote. Atakuwa amenyamaza tu. Na mkanda utapona, maana kisu hakijaukata bado.

Akifungua mdomo, Clement ana muda wa kukata.

"Sakina," Verediana akaita.

Miaka kumi na tano ya kujuana amemwita Mama Alisha. Hata siku moja hakuwahi kumwita jina lake.

"Sakina, usiwashe. Toa ufunguo. Uutoe kabisa."

Ufunguo ukatoka. Ulisikika ukigonga sakafu ya gari.

Kisha ukasikika mwingine mlio, mdogo, mkavu, wa mpira kukatika.

Clement akatoa mkono. Ulikuwa mweusi mpaka kwenye kiwiko, na ulikuwa na vidole vitano. Katika vidole hivyo mkanda ulining'inia urefu wake wote, na nusu ya jina lake ilikuwa chini ya kidole gumba, nusu nyingine nje, inasomeka.

Hakuutupa. Angeweza kuutupa majanini. Alikuwa anatazama vidole. Akavikunja, akavikunjua, akavikunja tena. Akatazama feni. Akatazama boneti, na nyuma yake kiti cha dereva. Halafu akamtazama yule mama mzee, na ilionekana usoni pake kwamba ameshapiga hesabu, na amejua alikuwa na nini mkononi mwake yule mama sekunde iliyopita, na amefanya nacho nini.

Verediana akaegemea taa ya mbele ya gari.

Koplo Bertha akaja kutoka nyuma, mwendo wa haraka sasa.

"Nimesema iwashwe. Nani kasema isiwashwe?" Akasimama. Akaona kisu. Akaona mkono mweusi. Akaona mkanda. "Na wewe, bwana, hicho ulichoshika ni nini?"

Saa ya Koplo ilikuwa inasoma saa saba na dakika ishirini na mbili. Gari halina mkanda. Iringa iko nyuma ya vilima viwili.

Clement akafungua mdomo.